Homa na tumbo kuuma wakati uko kwenye dawa za kuondoa chuma: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Kama una thalasemia au selimundu (magonjwa ya damu ya kurithi), au unamlea mtoto mwenye hali hiyo, au una ugonjwa mwingine wowote unaokulazimu kuongezewa damu mara kwa mara na uko kwenye dawa za kuondoa chuma, kuna kitu kimoja naomba ukishike kabla hujasoma kingine chochote: ukipata homa pamoja na maumivu ya tumbo au kuhara, dawa ya kuondoa chuma inasimama hapohapo na unaenda hospitali siku hiyohiyo. Husubiri siku ya kliniki, husubiri tarehe ya damu, husemi ngoja nimalize dozi ya leo kwanza. Yote yanayofuata ni sababu zake na namna ya kufanya, na naandika kwa urefu maana watu wengi wanafundishwa vizuri sana jinsi ya kutumia dawa ila hawafundishwi lini waiache, na kwenye hili la tumbo kutojua lini uiache kunaweza kugharimu maisha.

Tuanze na chuma chenyewe

Mwili wa binadamu hauna njia ya kutupa chuma kilichozidi. Mtu mzima mwenye afya ana gramu 3 hadi 4 hivi za chuma mwili mzima, na kwa siku anapoteza kama miligramu 1 au 2 tu, basi. Sasa uniti moja ya damu inabeba miligramu 200 hadi 250 za chuma. Piga hesabu mwenyewe, mtu anayewekewa uniti 2 kila mwezi, mwaka ukiisha ameingiza gramu 5 au 6 mpya juu ya zile alizokuwa nazo, na hazina pa kutokea. Zinakwenda kukaa kwenye ini, kwenye moyo, kwenye kongosho na tezi nyingine, na ndo maana kuna watu wanapata kisukari, watoto wanachelewa kubalehe, moyo unashindwa kazi. Kwa hiyo madaktari wengi wanaanza dawa baada ya mtu kuongezewa damu mara 10 hadi 20 au ferritini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, ikipita 1000.

Dawa zenyewe ziko tatu. Deferoksamini, ile ya sindano ambayo wengi wanaijua kwa jina la Desferal, inapitishwa taratibu chini ya ngozi kwa pampu ndogo masaa 8 hadi 12, usiku 5 hadi 7 kwa wiki. Deferiproni (Ferriprox) ni ya kunywa mara tatu kwa siku. Na deferasiroksi (Exjade, Jadenu) ni ya kunywa mara moja kwa siku. Wapo wanaotumia mbili kwa pamoja, hasa kama chuma kimeshafika kwenye moyo.

Nataka niwe wazi hapa, dawa hizi zinaokoa maisha na hakuna popote humu ninapokwambia uziogope au uziache kiholela. Kabla hazijawepo watoto wa thalasemia walikuwa wanafariki kwa moyo kushindwa wakiwa bado wadogo. Ninachoongelea ni siku chache za hatari, na namna ya kuzivuka.

Kwa nini tumbo ndo linaingia kwenye hii habari

Bakteria karibu wote wanahitaji chuma ili waongezeke, na mwili unalijua hilo, kwa hiyo unakificha chuma chake ndani ya protini ambazo bakteria hawezi kuzifungua kirahisi. Bakteria nao wana ujanja wao, wanatengeneza vimolekuli vinavyoitwa siderofori, vinatoka nje, vinakamata chuma, vinarudi nacho. Sasa kuna bakteria mmoja anaitwa Yersinia enterocolitica, anakaa kwenye utumbo wa wanyama hasa nguruwe, na aina zake nyingi hazina uwezo wa kutengeneza siderofori yake ya nguvu. Ndo maana mtu wa kawaida akimmeza anaharisha siku kadhaa na yanaisha. Ila ana kitu kingine, ana mlango kwenye ngozi yake wa kupokea siderofori za viumbe wengine.

Na deferoksamini ni nini? Ni siderofori. Haikubuniwa na mtu kuanzia sifuri, ilitoka kwa bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces pilosus, na inakamata chuma kwa sababu ndo kazi iliyoumbiwa. Kwa hiyo dawa inapozunguka mwilini ikikusanya chuma ili kitoke kwenye mkojo na choo, Yersinia aliyeko kwenye utumbo anaipokea pamoja na chuma chake na anaanza kuzaliana kwa kasi. Ni kama umempelekea mwizi chakula mpaka mlangoni.

Anapopenda kushambulia ni mwisho wa utumbo mwembamba, upande wa kulia chini ya tumbo, na zile tezi ndogo zinazouzunguka utumbo. Hapo ndo jirani kabisa na kidole tumbo, kwa hiyo maumivu yake yanafanana sana na ya kidole tumbo. Akipata nafasi zaidi anaingia kwenye damu, anatengeneza majipu kwenye ini na bandama, na utumbo unaweza hata kutoboka.

Deferiproni na deferasiroksi zimetengenezwa maabara, hazina umbo la siderofori ya aina hiyo na hazimlishi Yersinia kwa njia hiyo. Ila usijidanganye kwamba ukiwa kwenye vidonge uko salama, maana chuma kujaa mwilini peke yake kunaongeza hatari, na vidonge vina sababu zao za kusimamishwa, nitafika huko.

Hatua ya 1: jiandae ukiwa mzima

Mtu akiwa na homa ya 39 hana akili ya kutafuta makaratasi. Andika leo, kwenye karatasi ngumu inayokaa kwenye pochi na pia picha yake kwenye simu: ugonjwa wako, jina la dawa ya kuondoa chuma na dozi, bandama lipo au lilitolewa, kama una kifaa cha kudumu cha kupitishia dawa kifuani, kama una kisukari au shida ya moyo, mzio wa dawa, namba ya kliniki inayokufuata. Alafu chini kabisa andika sentensi hii kwa herufi kubwa: MGONJWA HUYU ANATUMIA DAWA YA KUONDOA CHUMA, AKIWA NA HOMA NA TUMBO KUUMA FIKIRIA YERSINIA. Sentensi hii nasisitiza sana, kwa sababu ukifika emajensi usiku utakutana na dokta ambaye pengine hajawahi kuona mgonjwa wa aina yako, na siyo kosa lake, ni ugonjwa ambao wengi wanausoma chuoni mara moja wanapita.

Uwe na kipimajoto nyumbani kinachofanya kazi. Kushika paji la uso kwa mkono siyo kipimo.

Kama bandama limetolewa, hakikisha chanjo zako zimekamilika, ya nimokoka, ya meningokoka na ya Haemophilus aina ya b, na kama ulipewa antibayotiki ya kunywa kila siku usiirukeruke. Mtu asiye na bandama homa yoyote ni emajensi, hata kama tumbo haliumi kabisa.

Alafu kuna jikoni. Nyama ya nguruwe iive kabisa, ya kusaga ifike nyuzijoto 71 ndani, na usionje ikiwa mbichi kuangalia chumvi. Utumbo wa nguruwe ndo mbaya zaidi, hata kuuosha tu kunarusha bakteria kwenye sinki, vyombo na mikono, kwa hiyo mgonjwa asiuandae, na anayeuandaa asimshike mtoto mchanga wala chupa ya maziwa kabla hajanawa vizuri kwa sabuni. Maziwa yawe yamechemshwa au yamepasteuriwa, maji yawe salama, ubao wa nyama mbichi usiwe ndo ubao wa kachumbari. Na hapa kuna kitu kinachowashangaza wengi: friji haimzuii Yersinia. Bakteria wengi wanalala kwenye baridi, huyu anaendelea kuzaliana hata kwenye nyuzi 4. Kwa hiyo chakula kilichokaa friji siku nyingi usikihesabu salama kwa sababu tu kilikuwa kwenye baridi. Chaza mbichi pia achana nao kabisa, wanabeba bakteria mwingine anaitwa Vibrio vulnificus ambaye naye anapenda watu wenye chuma kingi na ini lililochoka, na akiingia kwenye damu anaua haraka mno.

Na usinywe vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma kwa sababu tu mtu kakuona umepauka. Vitamini C nayo ni kwa maelekezo ya dokta tu, inasaidia deferoksamini kutoa chuma lakini dozi kubwa inafungulia chuma kingi kwa mpigo na moyo unaumia.

Hatua ya 2: zijue dalili, na uzitofautishe na maudhi ya dawa

Dalili za Yersinia mara nyingi zinaanza siku 4 hadi 7 baada ya kula au kunywa kitu kilichochafuka, kwa hiyo usikazanie kukumbuka ulichokula jana, rudi nyuma wiki nzima. Homa, kwa maana ya 38 kwenda juu. Maumivu ya tumbo, kwa watoto wadogo yanakuwa tumbo zima na kuhara ambako saa nyingine kuna damu, kwa wakubwa na vijana yanajikusanya kulia chini. Kutapika. Koo kuuma, ndiyo, koo, watu wanadhani ni mafua ya kawaida wanatulia. Na baadaye viungo vinaweza kuuma. Siyo lazima zote zije. Kuna watu wanapata homa na maumivu bila kuhara hata mara moja, na hao ndo wanaochelewa kwa sababu kila mtu anawaza typhoid au malaria au kidole tumbo.

Shida ni kwamba deferasiroksi yenyewe inasumbua tumbo. Kichefuchefu, tumbo kujaa, kuharisha kidogo, hasa wiki za mwanzo au dozi ikipandishwa. Deferiproni nayo inaleta kichefuchefu mwanzoni. Kwa hiyo utajuaje? Maudhi ya dawa yanafuata ratiba ya dawa, yanakuja baada ya kumeza yanapungua, na hayaleti homa. Homa ndo mstari. Ukiona 38 usiite tena maudhi ya dawa. Na hata bila homa, kuna mambo mawili hayasubiri: choo cheusi kama lami au kutapika damu, maana deferasiroksi inaweza kusababisha vidonda na damu kuvuja tumboni, hasa kwa anayetumia pia dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, na maumivu makali ya juu kulia yanayoambatana na macho kuwa ya njano zaidi ya kawaida yako, kwa sababu watu wenye thalasemia na selimundu wanapata sana mawe kwenye kifuko cha nyongo na yakiziba yanaleta maambukizi yake.

Mkojo kuwa mwekundu au wa kahawia kwa anayetumia deferoksamini au deferiproni siyo dalili ya maambukizi, ni chuma kinatoka. Ila ukiwa na homa mwambie dokta rangi imebadilika au haijabadilika, mwache yeye aamue.

Hatua ya 3: simamisha dawa, na ujue unasimamisha kwa nini

Hapa ndo nataka nikae kidogo, maana dawa ni tatu na sababu ni tatu tofauti, ila jibu ni moja.

Deferoksamini: chomoa sindano, zima pampu. Usimalizie kilichobaki kwenye bomba eti dawa isipotee. Kila saa inayoendelea kuingia ni chakula kwa Yersinia. Na kama unatumia kifaa cha kudumu kifuani, kumbuka kifaa chenyewe kinaweza kuwa ndo kimeingia maambukizi, kwa hiyo mtu asikiguse wala kukisukuma maji nyumbani mpaka hospitali.

Deferiproni: unaisimamisha kwa sababu ya chembe nyeupe. Dawa hii kwa watu wachache, kama 1 au 2 kati ya 100, inashusha zile chembe nyeupe za kupigana na bakteria mpaka karibu hazipo kabisa, chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu. Ndo maana ukiwa kwenye dawa hii unatakiwa upime damu mara kwa mara, hasa mwanzoni ambapo ni kila wiki, na ndo maana homa au koo kuuma kwa mtu anayetumia deferiproni ni sababu ya kupima damu siku hiyohiyo, siyo kesho. Mtu asiye na chembe hizo anaweza kuwa na utumbo ulioharibika vibaya na tumbo likaonekana laini tu, kwa sababu hana jeshi la kuleta uvimbe.

Deferasiroksi: unaisimamisha kwa sababu ya figo na ini. Mtu anayeharisha na kutapika anakaukiwa maji, figo zinapata damu kidogo, na dawa hii ikiendelea kuingia kwenye figo zilizokaukiwa inaweza kuziumiza vibaya. Watoto ndo wako kwenye hatari zaidi, mtoto anayetapika na kuharisha apumzike dawa mpaka aanze kula na kunywa vizuri na dokta aseme sawa.

Unayetumia mbili, simamisha zote mbili. Watu wanasimamisha sindano wanaendelea na kidonge wakidhani wamefanya sahihi.

Na najua hofu iliyopo, mzazi amepambana miezi ferritini ishuke sasa anaambiwa aache. Chuma kilichojaa kwa miaka hakiongezeki cha maana kwa siku kadhaa au wiki mbili bila dawa. Kwa mtu mmoja tu hesabu inabadilika, yule ambaye chuma kiko kwenye moyo na moyo umeshaanza kushindwa. Huyo pia anasimamisha nyumbani, lakini akifika hospitali timu ya moyo na ya damu lazima waongee siku hiyo waamue atumie nini badala yake, asikae tu bila mpango.

Hatua ya 4: vitu vya kutofanya njiani

Usimeze dawa ya kufunga kuhara kama loperamidi, bakteria akiwa ndani unamfungia humohumo. Usianze antibayotiki iliyobaki kabatini, hasa amoksilini au ampisilini, Yersinia kwa kawaida hasikii dawa hizo na utakuwa tu umeharibu kipimo cha kuotesha, yaani kile cha kukuza bakteria maabara ili ajulikane ni nani. Paracetamol unaweza kutumia kwa dozi yake ila pima joto kwanza na uandike namba na saa, ili ukifika usionekane huna homa. Ibuprofeni hapana. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kidogokidogo, mara nyingi, isipokuwa kama unatapika mfululizo, au kama moyo wako umekatazwa maji mengi, hapo fuata ulivyoelekezwa.

Hatua ya 5: ukifika hospitali, sema hivi

Mtoe dokta kwenye kubahatisha. Mwambie: "Mimi naongezewa damu mara kwa mara, natumia deferoksamini (au taja yako), dozi ya mwisho ilikuwa saa fulani, nimeisimamisha. Nina homa tangu saa fulani, tumbo linauma hapa. Tumeambiwa tufikirie Yersinia, tunaomba kuotesha choo na damu." Ukimaliza mpe ile karatasi. Ukionekana unamfundisha kazi mwombe tu kwa heshima ampigie simu mtu wa kliniki yako ya damu, wataelewana wenyewe.

Vipimo vinavyotakiwa kwa kawaida ni damu kamili kuangalia chembe nyeupe, figo, ini, sukari, kuotesha damu, kuotesha choo, na altrasaundi au CT ya tumbo. Kwenye choo kuna kitu maabara wasipoambiwa wanakikosa: Yersinia anaota polepole kwenye joto la kawaida la mashine zao na bakteria wengine wanamfunika, anapendelea joto la chini, 25 hadi 30 hivi, na kuna sahani maalumu ya kumuoteshea inaitwa CIN. Fomu ya maabara ikiandikwa "kuotesha choo" peke yake jibu linaweza kurudi safi na yeye yumo. Iandikwe "tafuta Yersinia". Maabara zenye kipimo cha PCR (kinachotafuta vinasaba) cha bakteria wa utumbo zinapata jibu haraka zaidi.

Kuhusu ferritini, ikipimwa siku hiyo itakuwa juu, pengine juu sana, na usishtuke. Ferritini hupanda yenyewe mwili ukiwa na maambukizi. Namba ya siku ya homa usiiingize kwenye daftari lako la chuma, rudia baada ya wiki kadhaa ukishapona.

Kuhusu upasuaji, watu kadhaa wenye Yersinia wamefunguliwa tumbo kwa kidole tumbo na kikakutwa kizima, huku mwisho wa utumbo na tezi zimevimba. Picha nzuri ya altrasaundi au CT inaweza kuonyesha tofauti hiyo kabla ya kisu. Uliza kama imefanyika. Lakini usikatae upasuaji kwa sababu umesoma mahali kwamba inaweza kuwa Yersinia, wagonjwa wetu nao wanapata kidole tumbo cha kweli, na utumbo uliotoboka hausubiri majibu ya maabara. Anayeamua ni daktari wa upasuaji akiwa na taarifa zote mkononi, kazi yako ni kuhakikisha anazo.

Hatua ya 6: matibabu

Mtu wa namna hii akiwa na homa na tumbo, antibayotiki haingoji majibu. Wanachukua damu ya kuotesha, wanaanza. Zinazotumika sana kwa Yersinia ni siprofloksasini, sefalosporini za kizazi cha tatu kama seftriaksoni, na saa nyingine jentamisini au kotrimoksazoli. Kwa watoto siprofloksasini huwa wanaifikiria mara mbili, ila kwenye maambukizi makali madaktari wanaitumia. Kama umepewa siprofloksasini ya kunywa usiinywe pamoja na maziwa, dawa za kiungulia au kidonge chochote chenye madini, inashindwa kuingia mwilini.

Muda wa dawa unategemea, tumbo peke yake ni siku kadhaa, bakteria akikutwa kwenye damu ni wiki mbili au zaidi, na majipu ya ini yanachukua muda mrefu zaidi na mara nyingine yananyonywa usaha. Usikatize kwa sababu homa imeshuka siku ya tatu.

Kitu kinachosahaulika mno: chuma kikishaumiza tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo, mwili unashindwa kutoa homoni ya kuhimili msongo, na mtu kama huyo akiwa na maambukizi makali presha inaporomoka na dripu haisaidii. Kama mgonjwa ana presha ya chini isiyopanda, ni haki kabisa kuuliza, "je adrenali zake mmezifikiria?" Mwenye kisukari naye sukari itapaa siku hizo, ipimwe mara kwa mara.

Na kama homa na kutetemeka vimekuja wakati damu inaingia au punde tu baada ya hapo, mwite nesi damu isimamishwe na mfuko usitupwe. Damu inakaa friji wiki kadhaa, na nilishasema huyu bakteria friji haimsumbui, kwa hiyo mara chache sana mfuko wenyewe ndo unakuwa chanzo.

Wanaosafishwa figo kwa mashine wakiwa kwenye deferoksamini wana hatari nyingine ya ukungu unaoitwa mukomikosisi, nao unalishwa na dawa hiyo kwa njia inayofanana. Mara nyingi unaanzia puani na usoni, maumivu, uvimbe upande mmoja, ukoko mweusi, ila unaweza kukaa hata tumboni. Huo ni emajensi ya masaa.

Hatua ya 7: kurudi kwenye dawa

Hapa watu wanakosea pande zote mbili, wengine wanarudi siku ya pili homa ikishuka, wengine wanaogopa wanakaa mwaka mzima bila dawa na moyo unaendelea kujaa.

Deferoksamini hairudi mpaka dalili zote ziishe, antibayotiki iishe, na dokta aridhike kwamba bakteria hayupo, ikiwezekana choo kirudiwe kuoteshwa, maana Yersinia anaweza kubaki kwenye choo wiki kadhaa baada ya mtu kujisikia mzima. Ukiwahi, ugonjwa unarudi. Kwa aliyeugua vibaya ni halali kabisa kuuliza kama abadilishiwe aende kwenye kidonge, na hapo mtapima figo, ini na hali ya moyo kuona kipi kinamfaa.

Deferiproni hairudi mpaka chembe nyeupe zionekane kwenye kipimo kwamba zimerudi, na kama zilishuka chini ya 500 kwa kawaida hairudi tena kabisa, unahamia dawa nyingine. Iandike kwenye ile karatasi yako ili mtu mwingine miaka ijayo asije akakuanzishia upya bila kujua.

Deferasiroksi inarudi ukiwa unakula, unakunywa, hutapiki, na kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) imerudi kwenye kiwango chako cha siku zote. Saa nyingine wanaanza na dozi ndogo wanapandisha.

Omba tarehe ya kurudi kwenye dawa iandikwe kabla hujatoka wodini, hata kama ni ya kukadiria, pamoja na jina la mtu wa kumpigia ikifika. Wiki mbili za kwanza baada ya kurudi pima joto kila jioni kabla ya kuwasha pampu au kumeza kidonge, ikiwa 38 au zaidi usiwashe, piga simu kliniki usiku huohuo.